Nauli za taksi mtandao zikipanda, hela inaenda kwa nani hasa?

binti_salasala
Wakuu habari za jioni. Naomba wenye uelewa wanisaidie maana nimechoka kubishana na madereva. Mi naishi Salasala, ndani ndani huko, kazi yangu ni Kariakoo. Siku za kawaida napanda daladala nashuka Africana alafu boda mpaka nyumbani, ila siku nikiwa na mzigo au nikichelewa kufunga naita bajaji kwa app. Sasa bei imepanda, ile safari niliyokuwa nalipa elfu 12 sa hivi haishuki elfu 16 na mvua ikidondoka ndo usiseme kabisa. Ukipanda ukalalamika kidogo tu dereva naye anaanza kulia, "dada hata mimi sipati kitu". Asa mimi nalipa zaidi, yeye anasema hapati, hii hela inaishia wapi jamani?

Na kingine kinachonikera, mtu anapokea rikwesti vizuri alafu anapiga simu, "unaelekea wapi, kwako inasoma shi ngapi, unalipa kesh?" ukimwambia Salasala unasikia "nipo foleni kidogo" alafu anakanseli. Kama bei imepanda si ndo wangefurahi kunibeba?

Asije mtu kuniambia ninunue gari, nimeshaona mnavyojibu wenzangu humu.

suka_wa_ist
Dada ngoja nikujibu mimi ambae niko barabarani, naendesha IST ya mtu. Chukua tripu ya elfu 10. App ikikata kamisheni yake, na LATRA, wale mamlaka ya usafiri wa ardhini, wameruhusu ifike mpaka asilimia 25, hapo imebaki 7,500. Kwenye hiyo 7,500 toa mafuta, na mafuta sio ya kukupeleka wewe tu, kuna ya kukufuata ulipo ambayo hailipwi na mtu, kuna ya foleni ya Mwenge na Morocco umekaa gari inanguruma na mteja anataka AC, alafu nimekushusha Salasala saa tatu usiku narudi mpaka Africana mtupu. Ikibaki elfu 4 nashukuru Mungu.

Alafu sasa njoo kwenye hesabu. Tajiri wangu, yaani mwenye gari, nilikuwa nampa elfu 25 kwa siku. Siku zilipoanza kusikika habari za nauli kupanda alinipigia jioni ile ile, hata salamu hakumaliza, "nasikia mmepandishiwa huko". Wiki iliyofata hesabu ikawa elfu 30. Mimi wakati huo nauli mpya nilikuwa bado sijaiona hata kwenye simu ila yeye keshaiona! Na ukikataa gari inapewa mwingine, vijana wenye leseni wamejaa kijiweni wanasubiri deiwaka tu.

Na wateja wamepungua, hilo watu hawalisemi. Zamani saa nne mpaka saa nane mchana nilikuwa napata tripu fupi fupi, mtu anatoka ofisini anaenda benki, mama anatoka kliniki na mtoto. Wale wote wamehamia bodaboda. Mchana tumepaki chini ya mwembe tunacheza draft. Kwahiyo tripu moja inalipa zaidi kidogo ila tripu zenyewe hazipo, ukijumlisha jioni unakuta ni pale pale au chini.

Kuhusu kuuliza kesh, sio roho mbaya. Ukilipa kwa kadi hela naipata baadae, wakati tajiri anataka hesabu leo usiku, mafuta kesho asubuhi hayakopeshwi, na nyumbani wanasubiri unga. Ndo maana mtu anachagua abiria. Najua inaudhi, hata mimi ningeudhika.

Tajiri_Mnyonge
Naona matajiri tushaanza kusemwa. Suka, hiyo IST imenunuliwa kwa mkopo, rejesho halingoji wewe upate wateja. Bima, tairi, leseni ya LATRA, mapato ya TRA, bushi zinakufa kila mwezi kwa hizo barabara za Salasala na Goba mnazoingia, nani analipa? Spea zimepanda, oili imepanda, hakuna aliyenipigia simu kunipa pole. Mimi gari yangu nimempa kijana kwa mkataba, akimaliza miaka yake gari inakuwa yake, sasa anaponambia hesabu ni kubwa namuuliza we unadhani unapangisha au unanunua?

Ila sikatai, wapo wenzangu wanapandisha hesabu kwa kusikia redio tu. Hiyo sio sawa.

mzee_wa_kumbukumbu
Watu mnasahau haraka. Mwaka 2022 mafuta yalipanda vibaya mno, Mei petroli hapa Dar ilikuwa 3,148 kwa lita, serikali ikaweka ruzuku Juni, bado Agosti ikafika 3,410. Kipindi hicho hicho LATRA walikuja na bei elekezi za taksi mtandao na wakabana kamisheni isizidi asilimia 15. Madereva tulishangilia mpaka tukakesha. Matokeo yake? Uber wakasimamisha huduma Aprili ile ile, na Agosti Bolt nao wakabaki kuhudumia kampuni tu badala ya abiria wa kawaida. Wale waliokopea magari wakabaki wanaangalia simu. Januari 2023 LATRA wakarudisha kamisheni mpaka 25 ndo Uber wakarudi.

Mimi kwa maoni yangu 15 ilikuwa ya haki kabisa, tatizo dereva hakuwa na pa kwenda app ilipozimwa. Kijiwe cha taksi bubu na taksi za mstari kilishakufa, mteja ameshazoea kuona bei kwenye simu kabla hajapanda. Sasa anayeshika simu ndo anashika mpini, LATRA akivuta upande mmoja kampuni inavuta mwingine, dereva katikati.

Na binti_salasala tofautisha vitu viwili. Nauli ya daladala ikipanda inatangazwa, kuna mikutano ya wadau, LATRA CCC, lile baraza la watumiaji, wanaongea kwa niaba ya abiria, wamiliki wanaleta gharama zao, alafu inatoka tangazo lenye jedwali la ruti kwa ruti. Ya kwenye app inapanda hapo hapo ulipo, mvua imenyesha, saa ya kutoka kazini, magari machache, unalipa. Ukifungua tena baada ya dakika kumi imeshuka. Kwahiyo hiyo elfu 16 yako sio lazima iwe nauli imepanda, inawezekana ni saa unayotoka tu. Jaribu kuangalia bei ya safari hiyo hiyo saa tano asubuhi uone.

gongolamboto_damu
Mnaongelea taksi wenzetu 😂 huku kwetu taksi ni ya kupeleka mgonjwa na maharusi.

Ila niwaambie kitu, nyie mkihama kwenye taksi mnahamia kwenye bajaji, wa bajaji anahamia boda, wa boda anarudi kwenye daladala, na sisi wa daladala tunahamia wapi? Kwa miguu. Nauli ya chini ilikuwa 400, Mei 2022 ikawa 500, Desemba 2023 ikawa 600. Utasema mia moja ni nini. Sawa, kwanza chenji. Ukitoa buku konda anakwambia "subiri ntakupa", mnafika kituoni ameshaning'inia mlango wa nyuma anaita vichwa, mia nne yako ndo imeenda hivyo. Watu wazima wanagombana na watoto wadogo kwa mia nne asubuhi asubuhi.

Pili kukata ruti. Gari imeandikwa Gongo la Mboto ubavuni kabisa, saa moja jioni konda anatangaza Banana mwisho! Mnashuka mnapanda nyingine, nauli mara ya pili. Na kama unataka siti inabidi ugeuze nalo, yaani upo Buguruni unapanda gari linaloelekea mjini wakati we unaenda Gongo la Mboto, unafika nalo mwisho unageuka nalo, umelipa mara mbili. Mimi nageuza kila siku maana mgongo hauniruhusu kusimama. Hakuna jedwali la LATRA linaloonyesha hiyo nauli ila ndo nauli yangu halisi.

Na watoto wa shule nauli yao 200, nauli ya mkubwa ikipanda konda anazidi kuwakwepa, asubuhi unaona watoto kumi wamesimama kituoni gari zinawapita tu, konda anazuia mlango kwa mguu "wawili tu wawili tu". Mwalimu anawachapa wamechelewa.

bajaji_ya_gesi
Nimesoma yote. Mimi niliweka mfumo wa gesi kwenye bajaji, kilo ya gesi ni kama 1,550 na inakwenda mbali kuliko lita ya petroli, kwahiyo kwa upande wa mafuta napumua. Kilichobaki ni foleni ya kujaza, vituo bado vichache, ukienda Ubungo Maziwa jioni unakuta mstari wa bajaji na IST mpaka barabarani, masaa yanaisha hapo na masaa ndo hela. Wengi tunaenda usiku wa manane.

Ila sikilizeni vizuri, gesi imenisaidia kwa sababu bajaji ni yangu. Jamaa yangu wa kijiwe kimoja anaendesha ya mtu, tajiri wake ndo alilipia mtungi, kesho yake hesabu ikapanda. Kwahiyo suka_wa_ist yuko sahihi, unafuu wowote ukitokea kwenye chombo cha mtu unafika kwa mwenye chombo kwanza. Nauli ikipanda hivyo hivyo, mafuta yakishuka hivyo hivyo.

Dada wa Salasala, ushauri wangu, tafuta dereva mmoja wa kudumu. Mkubaliane bei ya mwezi, siku unazochelewa, na akupitie muda unaojulikana. Sisi tunapenda mteja wa hivyo kuliko wa app, namlipisha chini ya app na bado nabaki na zaidi maana hakuna wa kunikata robo, na sirudi mtupu kwa bahati mbaya, najipanga nani nimchukue huko huko. Nina wateja watatu wa hivyo Mbezi Beach, nikishawabeba hao hesabu ya familia imetimia, kinachofata ni ziada.

suka_wa_ist
@bajaji_ya_gesi ni kweli ila mwambie na ubaya wake, nje ya app hakuna rekodi. Usiku mwanamke mwenyewe na mzigo, app angalau inaonyesha alipo na namba ya chombo. Dada ukichukua wa kudumu piga picha pleti namba na leseni yake umtumie ndugu, na asiyekubali kupigwa picha achana nae. Dereva mwenye akili hawezi kukasirika kwa hilo.

binti_salasala
Asanteni sana, kumbe kuna mambo sikuwa nayajua, hilo la hesabu kupanda kwa kusikia redio limeniuma. Mzee_wa_kumbukumbu nimeangalia bei leo saa tano kama ulivyosema ni elfu 12 na mia tano, saa mbili usiku ikasoma elfu 17. Kwahiyo nauli yangu ni saa yangu ya kufunga 😩

Ila bado hamjanijibu kitu kimoja, kama dereva analia na mimi nalia na tajiri analia na mkopo, basi kampuni inayokata robo bila kununua hata tairi ndo pekee haijaja kulia humu.

Suala la dereva wa kudumu nimelipenda ila peke yangu bei ya mwezi itanishinda.

kinzudi_kwetu
@binti_salasala mi niko Kinzudi, natoka Kariakoo mtaa wa Msimbazi saa mbili kasoro hivi Jumatatu mpaka Ijumaa, Jumamosi nawahi. Nilikuwa na mwenzangu tunachangia bajaji kahama mwezi uliopita. Bajaji inabeba watu watatu, kama mzigo wako sio marobota njoo inboksi tuongee, dereva ninae tayari ni mtu mzima wa hapa hapa mtaani.

gongolamboto_damu
Mkipata nafasi ya mtu anayeshuka Buguruni mnishtue 😂