Klienti ya modi inang'ang'ania folda ambayo haipo, na lawama anatupiwa mchezaji

Wanajamvi,

Nimechoka kuambiwa kwamba gemu yangu haipo ilhali ipo na inafunguka. Ni Grand Theft Auto: San Andreas, toleo la kompyuta la mwaka 2005, ambayo niliihamisha kutoka diski C kwenda D kwa sababu C ilikuwa imejaa. Tangu hapo, klienti, yaani programu ninayotumia kuingilia seva za modi (seva za mtandaoni zenye gemu iliyorekebishwa na mashabiki), hutoa ujumbe mmoja tu: "Folda ya gemu si sahihi." Haisemi ni folda ipi iliyoikagua, wala ilikosa faili gani. Huo si ujumbe wa kumsaidia mtu, ni kumfungia mlango.

Nilipowaandikia watengenezaji wa klienti, jibu lao lilikuwa nifute kila kitu na kusakinisha upya. Gemu hii inadai karibu GB 4.7 za diski ikisakinishwa kamili. Anayepakua kwa bando la simu anaelewa uzito wa ushauri huo. Walidai pia kwamba huenda njia ya folda ni ndefu kupita kikomo cha herufi 260 cha Windows. Gemu yangu imo ndani ya D:\Michezo\San Andreas. Je, waliisoma kweli barua yangu?

Chanzo nimekipata mwenyewe. Klienti haitafuti gemu hata kidogo, bali husoma anwani iliyoandikwa kwenye rejista ya Windows (hifadhidata ya mipangilio ya Windows na programu zake) siku gemu iliposakinishwa, na ukihamisha folda anwani hiyo haibadiliki. Kibaya zaidi, klienti yenyewe ni ya biti 32, na Windows ya biti 64 huelekeza programu za aina hiyo kwenye tawi la pekee la rejista liitwalo WOW6432Node, chini ya HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE, kiasi kwamba mtu anaweza kurekebisha anwani kwenye tawi la kawaida, akaiona imekaa sawasawa, na klienti ikaendelea kusoma ile ya zamani. Niliporekebisha ndani ya WOW6432Node, gemu ilifunguka papo hapo. Anayetaka kujaribu ahifadhi kwanza nakala ya rejista.

Ushauri wao mwingine, wa kuendesha klienti kwa mamlaka ya msimamizi, una madhara ambayo hawayataji. Tangu Windows Vista, programu ya zamani ikijaribu kuandika ndani ya Program Files (folda ya kawaida ya kusakinishia programu) bila ruhusa, Windows hulipeleka faili kimyakimya kwenye folda ya VirtualStore ya mtumiaji. Ukiifungua kesho kama msimamizi, itasoma faili la Program Files penyewe, na mipangilio yako ya jana itaonekana imepotea. Watu wanadhani kompyuta zao zina virusi, kumbe wanasomewa faili mbili tofauti!

Ninachodai si kikubwa. Ujumbe wa kosa utaje njia kamili iliyokaguliwa na mahali iliposomwa, na kiwepo kitufe cha kuchagua folda ambacho klienti itakiheshimu kuliko rejista. Hiyo ni kazi ndogo kwa mtu anayeweza kuandika klienti nzima, na kuikwepa huku wachezaji wakiambiwa wapakue upya ni kutowajali.

Kama kuna mwanajamvi aliyewahi kupewa jibu la maana na watengenezaji kuhusu tatizo hili, naomba aliweke hapa, pamoja na toleo la Windows analotumia.