Muscat–Dar–Mtwara: kilomita ngapi, na saa zinaishia wapi?

Swali, kutoka Muscat
Assalaam alaykum ndugu zangu. Wazee wawili wanakwenda Mtwara, mmoja ataendelea hadi Lindi. Dar–Mtwara naona ni kilomita 400, na ndege inakimbia 800 kwa saa. Mbona tiketi imeandikwa saa moja na zaidi? Na pale Dar tuache nafasi kiasi gani?

Jibu
Waalaykum salaam. 400 ni sawa, ila ni mstari ulionyooka. Kwa barabara ni kama 560. Kasi ya 800 ni ya jeti. Njia hii huruka sana pangaboi, na ATR 72, mojawapo ya hizo, ni kama 500 kwa saa. Tena muda wa tiketi huanza ndege inapotoka maegeshoni na kuisha inapoegeshwa tena, kwa hiyo kujikokota hadi kwenye njia ya kurukia, kupanda na kushuka vyote vimo. Hata ikiletwa jeti msitarajie makubwa: haijakaa sawa angani, inaanza kushuka.

Muscat–Dar ni kama kilomita 3,970, saa tano na nusu hivi. Tiketi huandika saa za kila mji, na Tanzania iko nyuma ya Oman kwa saa moja. Ukitoa saa ya kuondoka kwenye ya kufika, kwenda utapata nne na nusu, kurudi sita na nusu. Safari ni ile ile.

Kupitia Dar si kuzunguka: Muscat–Mtwara moja kwa moja ingekuwa kama 4,255, kupitia Dar ni 4,370.

Jibu la pili
Naongezea, maana siku huliwa pale Dar. Ndege za nje hutua Jengo la Tatu, za ndani kwa kawaida huondokea Jengo la Pili. Tiketi zikiwa mbili mbalimbali, mzigo haujipeleki: uhamiaji, mkanda wa mizigo, forodha, kutoka nje, kuhamia jengo jingine, kupima upya. Mimi nasema saa nne, tano kama kuna mzee wa kiti cha magurudumu. Ya Mtwara ikiwaacha, shirika la pili halina deni kwenu, tiketi imekufa. Tiketi moja hadi Mtwara ikipatikana, chukueni hiyo hata ikizidi bei kidogo.

Kilo za mzigo kwenye ndege za ndani mara nyingi ni 23. Halua na tende hapo ndipo zinapolipiwa ziada, basi pimeni nyumbani kwa kilo za ndege ya ndani, si za ndege ya nje.

Tarehe nayo: ndege ya 00:40 tarehe 15 ni usiku wa kuamkia tarehe 15. Uwanjani mnafika tarehe 14 baada ya Isha. Wanaokwenda usiku wa tarehe 15 huikosa kwa saa 24.

Jibu la tatu
Wa Lindi ashuke Mtwara, kisha gari kupitia Mnazi Mmoja ya huko Lindi (si ya Dar), kilomita mia na ushei, saa mbili hivi. Basi la kutoka Dar linafika Lindi kabla ya Mtwara, kweli, lakini kwa mzee aliyetoka kuruka usiku ni mateso. Mkichagua hilo basi wakati wa masika, ulizieni kwanza hali ya barabara pale Somanga, kati ya Dar na Lindi. Mei 2024 kimbunga Hidaya kiliikata barabara upande huo.