Msonobari kibete unakauka upande mmoja, naombeni ushauri

MpandaKimya: Wakuu, habari za wakati huu. Kwenye kibustani changu nina msonobari kibete, ule unaoitwa Picea glauca 'Conica'. Upande mmoja sindano zimekuwa za kahawia na zinapukutika, upande wa pili kijani tupu. Maji unapata, mbolea unapata. Swali langu ni moja tu: nikikata upande uliokauka, utachipua? Mkasi ninao mkononi.

SindanoMoja: Weka mkasi chini. Mti huo hauchipui kwenye tawi kuukuu lisilo na kijani. Ukikata hapo, pengo ni la kudumu.

MamaVyungu: Una mbwa? Wa shemeji yangu alikuwa anakojolea mtarakwa kibete, upande uleule kila siku, mpaka ukabaki nusu. Shemeji akalaumu udongo, akauhamisha mti. Mbwa akahamia nao 😂

BabaSubira: Vijana wa siku hizi mnataka mti uwatii kama simu. Mti unataka subira.

KidoleKijani: Mkuu, shika karatasi nyeupe chini ya tawi, uligonge. Ukiona vidoa vinatembea, huo ni utitiri. Unapenda joto na ukavu. Kwani upande uliokauka unatazama nini?

MpandaKimya: Ukuta.

KidoleKijani: Ukuta mtupu?

MpandaKimya: Kuna mashine ya nje ya kiyoyozi. Ila niliupanda pale makusudi ili uifiche, na wa pili nimeshanunua wa kuziba kushoto. Kwa hiyo habari za kuhamisha tuziache.

SindanoMoja: Yaani unaukaanga kwa upepo wa moto halafu unatuuliza habari za mkasi?

MtafutaUkweli: Hii chai. Picha hakuna. Halafu kwenye uzi wako mwingine ulisema uliupanda ukiwa kimo cha goti, na miaka mitatu baadaye umekupita urefu. 'Conica' hukua sentimita 5 hadi 10 kwa mwaka. Mods, fungeni.

MpandaKimya: Mimi si mwongo. Ni tawi moja la juu limechomoka, nene, sindano zake ndefu. Limependeza.

KidoleKijani: MtafutaUkweli, umetibu bila kukusudia. Aina hii imetokana na miche iliyookotwa Alberta, Kanada, mwaka 1904. Asili yake ni sprusi nyeupe, mti mkubwa wa msituni. Mara nyingine tawi hurudia asili hiyo. Hilo sasa ndilo la mkasi, likatwe shinani kabisa. Ukilichekea, litaumeza mti wote.

MpandaKimya: Lakini hilo ndilo linaloficha mashine vizuri.

MtafutaUkweli: Bado nasubiri picha.

BabaSubira: Mimi nilisema nini?

MamaVyungu: Na ule wa pili umeshapandwa?

MpandaKimya: Bado uko kwenye chungu. Shimo nimeshachimba.

MamaVyungu: Lifukie.