Msaada: paka kameza uzi wa kushonea, sindano nayo haionekani

Binti Fundi: Wakuu, habari za jioni. Mama ni fundi cherehani, anashonea nyumbani hapa Morogoro. Mchana paka wetu kachezea uzi mpaka kaumeza, kipande kinaning'inia pembeni ya mdomo. Sindano ya mkono haionekani, tunahofia ilikuwa imetungwa humo. Anatapika povu, chakula hagusi, kajificha uvunguni. Jirani anasema tuuvute taratibu au tumnyweshe maji ya chumvi atapike. Tufanyeje?

Mfugaji Mkongwe: Dada, msiuvute! Uzi hupenda kujizungusha chini ya ulimi au kunasa pale tumbo linapoungana na utumbo, huku ncha nyingine ikiendelea kushuka. Utumbo unajikusanya juu yake kama kitambaa kinachovutwa marinda. Mwambie mama, ataelewa haraka. Ukivuta, uzi unakata utumbo, uchafu unamwagikia ndani, na hapo kumwokoa ni kazi ngumu sana. Hata ukitokea njia ya haja kubwa, usivute. Huo wa mdomoni msiukate pia, atameza kilichobaki. Chumvi nyingi ni sumu kwa paka, na sindano ikirudishwa juu inaweza kuchoma koo.

Mama Paka: Wangu alimeza uzi na sindano, akapasuliwa, yuko mzima. Eksirei ilionyesha sindano tu. Uzi wenyewe hauonekani, daktari huutambua kwa jinsi utumbo ulivyojikunja. Kwa hiyo mwelezeni kila kitu, asije akaona picha haina chuma akawarudisha nyumbani. Msimlishe, huenda akapewa nusukaputi. Na tafadhali, Panadol hapana, inaua paka.

Binti Fundi: Asanteni sana. Tusubiri kesho asubuhi?

Mfugaji Mkongwe: Hapana, ameshaanza kutapika. Hospitali ya wanyama ya SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) iko hapo hapo kwenu, pigeni simu mkiwa njiani.

Kijana wa Kihonda: Samahani kudandia. Wa kwangu kameza betri ya saa, ile ndogo ya duara, lakini anacheza kawaida.

Mfugaji Mkongwe: Mdogo wangu, nenda naye sasa hivi. Betri hiyo inaunguza koo na tumbo kabla hujaona dalili yoyote.

Binti Fundi: Tumemweka kwenye kapu, bodaboda imefika.

Mama Paka: Chukueni na kipande cha uzi wa aina ile ile, na mama ahesabu sindano zake.