Je, serikali imwajiri kila anayetaka kazi wakati wa kiangazi?

Mtoa mada, Chamwino:

Mkoani kwetu Dodoma mvua ni ya msimu mmoja, huanza kati ya Novemba na Desemba na kukoma Aprili. Mavuno yakishaingia ghalani, kijana wa Chamwino au Bahi hubaki na miezi kadhaa ya kuchoma mkaa au kwenda mjini kutafuta kibarua cha ujenzi. Wapo wachumi waliojitenga na mkondo mkuu, akiwamo Mmarekani Hyman Minsky, waliopendekeza serikali iwe mwajiri wa mwisho: impe kazi kila aliye tayari kuifanya kwa ujira uliopangwa, na idadi hiyo ipungue yenyewe pale waajiri wengine wanapohitaji watu. India ilipitisha sheria mwaka 2005 iliyoipa kila kaya ya kijijini haki ya kudai hadi siku 100 za kazi kwa mwaka, na aliyeomba asipopewa kazi ndani ya siku 15 alistahili posho. Sisi tunazo ajira za muda za TASAF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya jamii, lakini hizo ni za kaya zilizokwisha kutambuliwa kuwa maskini. Aliye juu kidogo ya mstari huo hana pa kubisha hodi.

Najua nitaulizwa fedha zitatoka wapi. Serikali inayotoa sarafu yake, kama yetu inavyotoa shilingi tangu 1966, haiishiwi shilingi kwa namna mimi ninavyoishiwa. Inachoweza kuishiwa ni mahindi, dizeli, saruji na wasimamizi waaminifu. Kazi zenyewe hazihitaji kubuniwa: malambo yaliyojaa tope, makorongo yanayokula mashamba, miti ya kupanda. Naomba hoja za kupinga.

Mchangiaji, Kizota:

Ndugu mtoa mada, mimi ni miongoni mwa waliopanga foleni ya sabuni miaka ya themanini, wakati bei zilipokuwa zikipanda kwa takriban asilimia 30 kila mwaka, kwa hiyo niwie radhi nikisitasita ninapoambiwa kuwa shilingi haiishi. Haiishi, lakini huisha thamani. Sheria ya Benki Kuu inaweka kikomo cha kiasi ambacho serikali inaweza kukopa huko, na kikomo hicho hakikuwekwa kwa ukaidi wa wahasibu. Tena kibarua akilipwa atanunua pia mafuta ya kula, nguo na simu, vitu ambavyo sehemu kubwa huagizwa kwa dola, na dola hatuchapishi Dodoma.

Mchangiaji, Kondoa:

Naongeza la mazingira. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika eneo la Kondoa lililoharibiwa na mmomonyoko. Uoto ulirudi, sibishi. Lakini wenye ng’ombe ndio waliobeba gharama. Ikiwa kazi za kiangazi zitamaanisha kufunga malisho, mfugaji naye aingizwe kwenye hesabu kabla jembe halijashikwa.

Mtoa mada, Chamwino:

Nawashukuru nyote. Mzee wangu wa Kizota, foleni zile zilikuwa na sababu zaidi ya wingi wa fedha: vita vya Kagera, bei ya mafuta na viwanda vilivyokosa vipuri. Bidhaa zilipotea kwanza, shilingi ikafuata. La dola nalikubali, na ndiyo maana ningependa sehemu ya ujira ilipwe kwa mtama au mahindi kutoka hifadhi ya taifa ya chakula, iwapo mfanyakazi mwenyewe ataridhia. Ndugu wa Kondoa, hoja yako sina jibu lake isipokuwa kwamba mkutano wa kijiji ndio upange eneo la kazi, na wafugaji wawemo.

Kinachonisumbua zaidi hamkukitaja. Zabibu zetu huvunwa mara mbili kwa mwaka, na uvunaji mmoja huangukia Agosti na Septemba, katikati ya kiangazi hicho hicho. Ujira wa serikali ukizidi anaolipa mkulima wa Mpunguzi, vibarua watamkimbia. Ukiwa chini mno, tutakuwa tumehalalisha umaskini kwa mhuri. Wenye mashamba ya zabibu humu, mnalipa kiasi gani kwa siku, na mngeweza kupandisha hadi wapi kabla shamba halijawa hasara?