Hivi kuna mimi mwingine kwenye ulimwengu mwingine?

mlima_viazi: Wakuu habari za jioni, huku Uyole baridi limeanza na umeme umekata, nipo na jiko la mkaa nawaza tu. Kuna klipu nimeona jamaa anasema nadharia ya nyuzi (ile ya kwamba kila kitu kimeundwa na vinyuzi vidogo mno vinavyotetema) inakubali kuna malimwengu mengine kibao, sasa ina maana huko kuna mimi mwingine ambaye msimu huu kauza viazi bila lumbesa? Wa fizikia nijuzeni, matusi hapana

mhehe_wa_kihesa: Kamwene mkuu. Umechanganya mafaili hapo. Yule wewe aliyekataa lumbesa ni wa Hugh Everett, mwanafizikia aliyesema 1957 kwamba kila linaloweza kutokea linatokea kwenye tawi lake la ulimwengu, mambo ya kwantamu hayo (fizikia ya vitu vidogo kama atomu), nyuzi hazihusiki. Nyuzi zenyewe zinataka dimensheni 10, sisi tunaziona 4 ukihesabu na muda, 6 zilizobaki wanasema zimekunjwa ndogo mno. Chukulia sketi ya shule, kitambaa kilekile ila fundi akibadili marinda sketi inakaa vingine kabisa. Sasa namna za kukunja zile 6 makadirio maarufu ni moja yenye sifuri 500 nyuma yake 😅 na kila mkunjo unaweza kuja na sheria zake, kwingine hata atomu haishiki, viazi utavitoa wapi

povu_la_ulanzi: Ila mkuu hiyo ni orodha ya mishono tu, mshonaji ni mfumuko (sio wa bei). Mwanafizikia Alan Guth aliuandika 1981, kwamba mwanzoni kabisa, ndani ya kasehemu ka sekunde, anga lilitanuka balaa. Halafu wanafizikia wenzake Vilenkin na Linde wakaja kuona mfumuko haukomi kila mahali kwa pamoja, unakoma hapa, kule unaendelea. Ukimimina ulanzi toka kwenye mbeta angalia povu, kila kipovu ni ulimwengu, ila hapa katikati ya vipovu panatanuka mbio kuliko vipovu vyenyewe kwahiyo vingi havikutani milele

sina_imani: Na nani kaviona hivyo vipovu? 2011 walitafuta makovu ya kugongana kwenye data za WMAP, setilaiti iliyopima ile mionzi ya tangu ulimwengu una miaka kama 380,000, hawakupata ushahidi wa maana. Hesabu tamu lakini bado hesabu

povu_la_ulanzi: Kweli hilo sibishi. Ila mlima_viazi usikate tamaa, kama anga halina mwisho basi mpangilio wa atomu lazima ujirudie huko mbali, na wewe umo, sheria zilezile, Uyole ileile

mlima_viazi: Na dalali yuleyule?

povu_la_ulanzi: Kuna nakala zenye dalali yuleyule na gunia lilelile limeshonewa kichwa juu

mlima_viazi: Aisee