Eti upanga wangu ukakae upande wa Siwa! Yule jamaa leo kanivua nguo mbele ya watu

KisuButu:

Wakuu, heshima zenu. Naandika mikono yatetemeka, herufi zikiruka mnivumilie.

Mnamjua. Jina sitaji hata nikilipwa. Yule anayekaa chini ya feni, feni ikizimwa na yeye azimika. Yule wa "mimi nasema ukweli tu, msinichukie". Leo kanitia aibu mbele ya chumba kizima cha saiba, tunapolipia kompyuta kwa saa, pale Langoni, na wallahi tangu nizaliwe Lamu hii sijawahi kuaibishwa hivi.

Kisa ni upanga. Thunderfury. Waliocheza gemu ya mtandaoni ya World of Warcraft wanaujua, wasiocheza wakae wasikilize. Ni misheni ya enzi za mwanzo kabisa za gemu, wakati levo ya mwisho ni 60 na kuingia pango la moto la Molten Core kwataka watu 40. Wahitaji vifungo viwili vya upanga, kimoja kwa jitu Garr, kimoja kwa jitu Baron Geddon, na vyote ni vya bahati. Ukikosa, ngoja Jumatano seva za Ulaya zianze wiki mpya, urudi tena. Halafu kiini cha moto cha Ragnaros, jitu kuu la pango. Halafu vyuma 10 vya elementium vilivyotiwa uchawi. Halafu uende jangwani Silithus umwite jitu Thunderaan, umuue, ndipo upanga uwe wako. Siku hizi waingia peke yako, majitu yale wayapiga kofi moja yanalala. Sawa. Lakini kofi halileti kifungo! Jumatano ngapi nimekosa mie, nimeacha kuhesabu, nywele zishaanza kunitoka.

Leo kifungo cha pili kimeanguka. Nimemaliza vyote, nimekwenda Silithus, Thunderaan kalala, upanga mkononi wawaka umeme wa buluu. Nikasimama. Nikasema "Jamani, njooni muone."

Huyu bwana akaja. Akainama kwenye skrini yangu, ule uso wake wa kunusa samaki sokoni. Akasoma namba za upanga kwa sauti, moja moja, kila namba akicheka. Kisha akavuta maiki yangu, MAIKI YANGU wakuu, chama changu chote cha gemu kiko hewani na spika ya chumba iko juu, akasema: "Hebu wapigieni Makumbusho, waambieni kuna kitu chao kimeibwa. Kikawekwe upande wa Siwa."

Upande wa Siwa.

Ile baragumu ya kale ya Makumbusho! Chumba kilivunjika. Mtoto wa visheti alicheka. Mzee wa kahawa, ambaye hajui kibodi wala skrini, aliweka dele lake chini akashika magoti. Mzee yule hata harusini hacheki! Mtu wa chama aliyeko Udachi, asiyejua Kiswahili hata neno, naye alicheka kwa sababu alisikia wenzake wacheka. Nje kule punda alilia, na mimi nina hakika alikuwa anacheka.

Nikamwambia, upanga huu una historia. Akajibu "ndio maana nasema Makumbusho". Wakaanza upya. Mzee wa kahawa ndo kwanza alikuwa amenyanyua dele, akaliweka tena.

Nauliza hivi: hiyo gia yake mpya, mavazi na silaha za gemu anazoringia, itadumu? Upanuzi mpya wa gemu ukitoka, vazi la kijani, la daraja la chini, la kuokota njiani litaipita, atalivua mwenyewe alitupe kwa muuzaji apate senti. Wangu una jina. Wake waitwaje? Hata yeye hajui, avaa namba tu!

Lakini si hilo linaloniuma. Linaloniuma ni maiki. Angesema kimya kimya ningemeza. Upande wa SIWA, kwa spika, mbele ya mzee wa kahawa.

Nimetoka bila kulipa saa yangu. Mwenye saiba akisoma hapa, nitakuletea kesho.

MahamriMoto:

Kuna mtu kataja Thunderfury? (Utani wa zamani wa gemu hiyo, msinishangae.)

Kasha_la_Mkomani:

Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Wewe umefungua uzi.

BintiShela:

Mimi nilikuwepo. Kaka, mbona hujawaambia watu kwamba ulipoupata ulipiga kigelegele? Kigelegele kabisa, cha harusi. Mzee wa kahawa alikuwa ashaanza kucheka kabla ya Siwa kutajwa. Usimsingizie mtu kicheko kisicho chake.

KisuButu:

Dada, ile ilikuwa sauti ya furaha, si kigelegele. Na hata ingekuwa kigelegele, ndo anishikie maiki?

BintiShela:

Ulizungusha na ulimi.

JahaziBovu:

Salamu kutoka Malindi. Mimi nitasema na mkitaka mnitukane. Jamaa wa feni ana kinywa kichafu ila hakukosea. Habari ya upanga huo iliisha Januari 2007 upanuzi wa Burning Crusade ulipotoka. Levo ikapanda kutoka 60 hadi 70, na watu waliotoka Molten Core na mavazi ya zambarau, ya daraja la juu, walifika eneo jipya la Hellfire, misheni za mwanzo tu wakapewa vya kijani vilivyoshinda walivyovihangaikia mwaka mzima. Kuna waliolia kweli. Kama ni kupigana, upanga ule hauchinji hata kuku. Kama ni pambo, sema ni pambo tukuelewe.

KisuButu:

Nani kasema naenda kuchinjia kuku? Mbona hamsomi? Nimesema MAIKI.

MahamriMoto:

Mimi nimesoma Thunderfury.

ShubiriTamu:

Mkuu JahaziBovu, hayo ya 2007 ni kweli, ila tangu mwisho wa 2011 gemu hiyo hiyo yakuruhusu kuchukua sura ya vazi la zamani ukaivika juu ya jipya. Nusu ya watu unaowakuta kwenye majumba ya zamani wako kule kwa nguo tu, si kwa nguvu. Na akitaka upanga wenyewe ufanye kazi, Classic, gemu ile ya mwanzo iliyofunguliwa upya, iko wazi tangu Agosti 2019. Kule matanki, wale wanaosimama mbele kupokea vipigo, waugombea mpaka chama chavunjika, maana umeme wake huvuta majitu yote yamwangalie mshika upanga. Huko hakuna atakayekutajia Siwa.

Kasha_la_Mkomani:

Kule atatakiwa atafute watu 40. Huyu hapa Langoni hana hata watatu wa kumtetea.

Pweza_Mkavu:

Poleni nyote na kompyuta zenu. Mimi nacheza Old School RuneScape kwa simu, nimelala kitandani, tangu walipoileta kwenye simu 2018. Gemu yenyewe ni nakala ya Agosti 2007, wachezaji walipiga kura 2013 irudishwe, ikarudi. Misheni ya Recipe for Disaster ni ya 2006 na glavu zake mpaka leo watu wavaa. Wapika, waokoa wazee waliogandishwa mezani, wapigana na mchawi wa jikoni, wapata glavu, wazivaa miaka. Ukubwa wa misheni si tatizo. Tatizo nyinyi mko kwenye gemu inayotupa mali yake kila baada ya miaka miwili.

JahaziBovu:

Glavu za mpishi mtu azitolea mfano!

Pweza_Mkavu:

Za mpishi lakini navaa. Upanga wake uko wapi? Upande wa nanii.

KisuButu:

Wewe pia, Pweza? Wewe pia?

Nyota_ya_Barani:

Msiniambie habari ya bahati mbaya. Gemu ya Final Fantasy XIV, silaha za Zodiac, 2014. Kuna hatua wataka Atma 12, kila moja eneo lake, zaanguka kwenye matukio yanayozuka ovyo porini. Wasimama kondeni wangoja kuzuke kitu. Kimezuka, umepigana, hakuna. Kingine, hakuna. Mke wangu alidhani nina mtu nachati naye usiku, alipokuja akakuta nimesimama peke yangu kwenye nyasi za gemu nangoja, akarudi kulala hakuniuliza tena. Ningekuwa na mtu ingekuwa nafuu, angalau angenielewa. Na silaha ile leo? Levo ya mwisho ilikuwa 50, sasa ni 100. Naiweka kwenye kabati la gemu, siithubutu hata kuitazama. Mleta uzi umechekwa siku moja tu, kaa chini.

BintiShela:

Kaka pole sana, hii ya mke imenitoa machozi.

Kasha_la_Mkomani:

Hii ndo ingefungua uzi.

KisuButu:

Jamani uzi ni wangu.

Mwalimu_Mstaafu:

Vijana, nawasahihisha. Siwa si kitu cha kutajiwa mtu kwa kejeli. Ya Pate ni ya pembe ya ndovu, ya Lamu ni ya shaba, na zilipulizwa kwenye harusi na sherehe za wakubwa, si za kila mtu. Kwa hiyo huyo bwana wa feni, kusema upanga wa kompyuta ukae upande wa Siwa, amempandisha daraja mleta uzi bila kujua. Ila na mleta uzi akaiulize nafsi yake: upanga huo umepulizwa kwenye harusi ya nani?

KisuButu:

Shekhe, upanga haupulizwi.

Mwalimu_Mstaafu:

Ndiyo nasema.

JahaziBovu:

Sisi Malindi tuna nguzo ya Vasco da Gama. Alifika 1498, nguzo bado imesimama juu ya mwamba, watu wapanda ndege kuja kupiga nayo picha. Hakuna aliyesema imepitwa na wakati.

Kasha_la_Mkomani:

Nguzo ya mgeni ndo mwajivunia? Sisi mji mzima ni urithi wa dunia tangu 2001. Nyinyi mna nguzo na piza.

JahaziBovu:

Piza tunayo na ni tamu. Nyinyi hata gari la kuwapeleka kula hamna, mwategemea punda.

ShubiriTamu:

Punda hana foleni, bwana. Punda hapandishi nauli mvua ikinyesha.

Nyota_ya_Barani:

Tukizungumzia nauli, kuna boda mmoja hapa Malindi, simtaji, anajijua, ana stika ya moyo kwenye tanki. Jana kanibebesha mzigo wangu mwenyewe kichwani eti kamba imekatika, tulipofika akadai na pesa ya mzigo. Mzigo ulikuwa kichwani KWANGU.

BintiShela:

Mwenye stika ya moyo namjua! Aliniacha sokoni mwezi wa Ramadhani nikiwa na futari mkononi!

Pweza_Mkavu:

Mimi namjua kwa jina na kwa baba yake. Endelea.

KisuButu:

Wakuu, turudi kwenye mada tafadhali. Huyu mtu alishika maiki ya mtu. Naomba mtu mmoja tu aseme alikosea.

MahamriMoto:

Alikosea. Angesema "Thunderfury" kwanza, halafu Siwa.

Mkono_wa_Saiba:

Mimi ndiye mwenye saiba. Saa zako ni mbili, si moja, na kahawa uliyomwaga kwenye kibodi ya jirani ulipopiga kigelegele hujaitaja. Kibodi ile ilikuwa ishaanza kuliwa na chumvi ya bahari, sasa herufi A na S hazibonyezeki kabisa. Anayekaa pale leo ashindwa kuandika "asante".

BintiShela:

KIGELEGELE. Ameshuhudia mwenyewe.

Mkono_wa_Saiba:

Na tangazo: kuanzia kesho stima ikikatika saa yaendelea kuhesabiwa. Jenereta yala mafuta.

Kasha_la_Mkomani:

Subiri, subiri. Saa yaendelea kuhesabiwa na skrini imezimwa? Wenyeji, mmesikia haya?

Pweza_Mkavu:

Kama jenereta yawaka, skrini yazimikaje?

Mkono_wa_Saiba:

Jenereta ni ya feni na taa.

ShubiriTamu:

Ya FENI! Sasa tumejua nani anapendelewa mle ndani. Jamaa wa feni apepewa kwa pesa zetu, nasi twangoja gizani na saa yakimbia.

Nyota_ya_Barani:

Hiki sasa ndicho kitu cha kugomea. Andikeni majina.

Mkono_wa_Saiba:

Andikeni. Na wote mtakaoandika mna madeni, ninayo daftari hapa. Nianze kusoma?

Kasha_la_Mkomani:

Jenereta haina shida mkuu, twaelewana.

JahaziBovu:

Samahani kuingilia. Kuna mtu Lamu ana chaja ya laptopu ya pini nyembamba? Yangu imeungua leo asubuhi, nina mkwezi wa nazi tu hapa jirani, fundi hakuna.

Pweza_Mkavu:

Ninayo. Iko Mokowe kwa binamu. Njoo mwenyewe uchukue.

JahaziBovu:

Nitoke Malindi mpaka Mokowe kwa ajili ya chaja?

Pweza_Mkavu:

Mwenzio kaenda Silithus.